Baba Yake Afyuni, Baba Yangu Korosho

Ukiwauliza watu waliosoma Shamba la Wanyama shuleni kwamba mwandishi wake alikuwa mtu wa namna gani, wengi watakuambia alikuwa kabwela aliyeonewa na wakubwa mpaka akachoka, akaamua kuwaandika. Jibu hilo nimelisikia Newala, nimelisikia Mtwara mjini kwa vijana wenye digrii zao, na mwalimu mmoja wa Masasi ninayemheshimu alinipa hilohilo huku akimenya chungwa, bila hata kuinua macho. Linaeleweka. Mtu anayewachora nguruwe wamelala kwenye vitanda vya binadamu, utadhani yeye mwenyewe alilala bandani na kuku.

George Orwell alizaliwa ndani ya nyumba ya serikali. Jina lake la kuzaliwa ni Eric Arthur Blair, na alizaliwa tarehe 25 Juni 1903 katika mji wa Motihari, upande wa Bihar nchini India, ambako baba yake, Richard Blair, alikuwa afisa wa Idara ya Afyuni. Ndiyo, serikali ya kikoloni ilikuwa na idara kamili ya afyuni, yenye maafisa, makarani na maghala. Mkulima aliyepanda mipopi alipewa leseni na malipo ya awali, akalima, akakwangua utomvu, kisha akaupeleka kwa serikali, maana hakuruhusiwa kumuuzia mtu mwingine. Bei ilipangwa na serikali hiyohiyo. Utomvu ukapimwa uzito, ukakaguliwa ubora, ukafungwa, na sehemu kubwa ikasafirishwa kwenda China. Maafisa wa ngazi ya Blair walizunguka vijijini kuhakikisha mkulima analima kilichotakiwa na hafichi kitu.

Mtu wa kusini akisoma maelezo hayo hahitaji mwalimu. Mnunuzi mmoja, bei kutoka juu, mizani, daraja la kwanza, daraja la pili. Toa afyuni, weka korosho.

Baba yangu alikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi cha kijiji kimoja wilayani Newala, miaka ile ya mwisho wa themanini. Msimu ukifunguliwa, Oktoba hivi, alikaa chini ya mwembe mbele ya ghala, kalamu sikioni, kitabu cha stakabadhi mapajani, na mbele yake ile mizani ya chuma yenye jukwaa la kuwekea gunia. Watu walikuja na viroba kichwani, wengine kwenye baiskeli, wakapanga foleni. Yeye ndiye aliyeingiza mkono ndani ya gunia, akatoa konzi, akazitikisa korosho kiganjani akisikiliza zinavyogongana, kisha akatamka: hii sawa, hii daraja la pili, hii rudi kaanike. Mkulima aliondoka na chiti. Hela ilikuja baadaye, na miaka mingine ilikuja baadaye sana. Na kila gunia lilikatwa kiasi fulani, kwa maelekezo ya wakubwa, kufidia uzito wa gunia lenyewe na unyaufu wa njiani. Baba hakuyatunga maelekezo hayo. Ila mkono uliokuwa unakata ulikuwa wake, na watu wanaujua mkono, hawazijui ofisi.

Tena ulikuwa wakati mbaya wa kuwa karani. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 140,000 za korosho. Miaka ile ya themanini inaelekea ukingoni, hata tani 20,000 zilikuwa za kutafuta. Wazee walikuwa na maelezo yao na yote yalikuwa kweli: operesheni ya vijiji iliwahamisha watu mbali na mikorosho yao, mapori yakaingia; ugonjwa wa ubwiri unga ukakausha maua; na bei ilikuwa ya dharau. Hayo yote yaliamuliwa mahali pengine, au yaliletwa na upepo. Lakini lawama lazima iwe na sura, na sura iliyokaa karibu ilikuwa ya baba.

Ndiyo maana nilipokuja kusoma habari za utoto wa Orwell, nikiwa mtu mzima tayari, nilimtambua. Sikumtambua kama mtetezi wa wanyonge, picha ambayo hata sasa naiona imepakwa rangi nyingi. Nilimtambua kama mtoto wa nyumba iliyokaa chini kidogo tu ya mamlaka, inayobeba mikoba yake, na inayoishi kwa hofu ya kushuka.

Ukoo wa Blair ulikuwa umewahi kuwa na mali. Mmoja wa mababu zake alimiliki mashamba ya watumwa Jamaica na akaoa kwenye ukoo wa kimwinyi. Kufika kwa Richard, mali ilikuwa imekwisha, limebaki jina na namna ya kushika kijiko. Mama yake Eric, Ida, alimleta Uingereza akiwa mtoto wa mwaka mmoja, na baba akabaki India na afyuni yake mpaka alipostaafu mwaka 1912 kwa pensheni isiyofika pauni 500 kwa mwaka. Mtoto alikua karibu bila kumjua baba. Baadaye, katika kitabu alichokitoa mwaka 1937 kuhusu wachimba makaa ya mawe wa kaskazini mwa Uingereza, Orwell alilipa tabaka lake jina refu la utani, kitu kama ukingo wa chini wa watu wa kati wa juu, na akaeleza maana yake: ni watu wanaojua jinsi ya kuagiza chakula kwenye hoteli kubwa, ila hawana hela ya kuingia humo, wanajua jinsi ya kumwamuru mtumishi, ila nyumbani mtumishi ni mmoja, wakizidi wawili, kwa kujikamua.

Sisi tulikuwa na redio na baiskeli. Baba alivaa suruali yenye mkunjo uliosimama. Na maji tulinunua. Anayeijua Newala anajua hiyo ina maana gani: mji na vijiji vyake viko juu ya mwinuko wa Makonde, chemchemi ziko chini kabisa kwenye mteremko, na kina mama waliteremka alfajiri na ndoo, wakapanda nayo kichwani jua likiwa limeshachomoza. Mama yangu hakuteremka. Mke wa karani hakutakiwa kuonekana na ndoo njiani, kwa hiyo tulinunua maji kwa watoto wa watu wengine, na kwa sababu tulinunua maji, chai yetu haikuwa na sukari. Mgeni akija, sukari ilitoka kwenye kopo lililofichwa juu ya kabati. Jirani zetu wakulima walikunywa chai ya sukari hadharani, bila wasiwasi wowote, na mabibo yakiiva walikamua uraka na kucheka mpaka usiku wa manane. Nikiwa mtoto niliona wazi kwamba wao ndio matajiri. Mama aliniambia nisicheze na watoto wa wapakiaji magunia kwa sababu hawana adabu. Niliwapenda sana wale watoto. Walijua kupanda juu ya lundo la magunia mpaka kwenye kenchi za ghala.

Orwell naye alikatazwa. Anasema alipokuwa na umri wa miaka sita hivi, mashujaa wake walikuwa wavuvi, wahunzi na waashi, kwa sababu kazi zao zinavutia, na alicheza na watoto wa fundi bomba mmoja mpaka alipoambiwa basi, wale ni watu wa chini. Kisha akafundishwa jambo baya zaidi: kwamba watu wa chini wananuka. Aliandika kwamba hilo ndilo lenyewe. Chuki za mawazo unaweza kuzijadili na ukashinda, lakini mwili ukishafundishwa kuchukia mwili mwingine, hata siasa nzuri haiufikii. Waandishi wengi wa mrengo wa kushoto wa zama zake wasingelikiri hilo hadharani kuhusu wao wenyewe.

Mwaka 1911, akiwa na miaka minane, alipelekwa shule ya bweni ya St Cyprian's, Eastbourne. Ilikuwa shule ya watoto wa vigogo, na yeye alichukuliwa kwa nusu ya karo kwa sababu alikuwa na akili: angefaulu kwenda shule kubwa, na jina lake lingeipamba shule. Hiyo ndiyo biashara aliyoingizwa bila kuambiwa. Aliambiwa baadaye, tena wakati wa kuchapwa, kwamba anaishi kwa hisani ya mwalimu mkuu.

Wiki za kwanza alikojoa kitandani. Adhabu ilikuwa kuchapwa na fimbo ya kuendeshea farasi. Alipotoka ofisini akawaambia wenzake kwamba hakuumia. Akasikiwa, akaitwa tena, na safari hii alichapwa mpaka fimbo ikakatika, mpini wake wa mfupa ukaruka upande wa pili wa chumba. Mwalimu akakasirika, akamlaumu mtoto kwa kuvunja fimbo. Kinachonishika hapo ni kile Orwell anachosema aliondoka nacho. Kwamba unaweza kutenda kosa bila kutaka, bila kuweza kuepuka, na bado likawa kosa lako. Huko ndiko ninakoona mbegu ya ile serikali ya riwaya yake 1984, iliyotoka mwaka 1949, inayomwadhibu mtu kwa jambo lililompita kichwani.

Halafu kuna keki. Kila mvulana siku yake ya kuzaliwa alitengenezewa keki yenye sukari juu, ikaliwa na shule nzima wakati wa chai, na gharama ikaingizwa kwenye bili ya mzazi. Eric hakuwahi kupata. Baba yake angelipa bila neno, hakuna aliyemuuliza. Ilishaamuliwa kwamba mtoto wa nusu karo hana keki. Na watoto wenyewe walijua hesabu hizo kuliko walimu: waliulizana baba zao wanapata pauni ngapi kwa mwaka, na mvulana mmoja wa Kirusi akampigia Eric hesabu hapohapo, akamtajia kwamba baba yake ana hela zaidi ya mara mia mbili ya baba wa Eric. Orwell anaongeza kwa ukali kwamba ana shaka kama mtoto wa tajiri hasa aliwahi kuchapwa fimbo.

Nilisoma bweni mkoani humu, katika shule ambayo nusu ya ada yangu ililipwa na mfadhili. Tulikuwa kundi dogo la namna hiyo. Kila muhula tuliandika barua ya shukrani, na ili tusikosee, mwalimu aliiandika ubaoni nasi tukanakili, tukibadilisha jina tu mwishoni. Barua zote zilisema afya yetu ni njema, tunasoma kwa bidii, na somo tunalolipenda ni hesabu. Mimi hesabu zilinipiga chenga tangu darasa la nne. Bahasha zilikabidhiwa wazi, zikasomwa, ndipo zikafungwa. Huko Ulaya kuna mtu mwema, natumaini bado yu hai, anayeamini alimsomesha mhandisi.

Michango ndiyo ilikuwa keki yetu. Mchango wa mlinzi, mchango wa madawati, mchango wa mitihani. Jumatatu tukiwa mstarini majina ya wadaiwa yalisomwa kwa sauti, na ukitajwa unatoka mbele. Aliyetajwa mara kadhaa alirudishwa nyumbani kufuata hela, na nyumbani kwa wengine ni mwendo wa siku nzima kwa miguu na lori. Mtoto wa mkubwa mmoja wa wilaya hakutajwa hata siku moja. Siyo kwamba baba yake alilipa. Alituambia mwenyewe, bila kujisifu, kwamba baba hajalipa tangu mwaka jana kwa sababu amesahau. Alikuwa rafiki yangu na alinigawia sukari yake, kwa hiyo sina kinyongo naye. Lakini siku hiyo ndipo nilipoelewa kwamba deni lina watu wake. Viboko navyo vilikuwa na watu wake. Kanuni za sasa, za mwaka 2002, zinasema visizidi 4 na mkuu wa shule ndiye aruhusu, tena kwa maandishi kitabuni. Enzi zetu hakuna aliyehesabu, ila mwalimu mwenyewe, kabla hajainua mkono, alitupa jicho la haraka kuona huyu ni mtoto wa nani. Jicho lile halikuchukua hata sekunde. Ukitaka kujua tabaka ni nini, liangalie jicho lile.

Kuna wanaosema Orwell alitia chumvi. Jacintha Buddicom, rafiki yake wa likizo tangu utoto, aliandika baadaye kwamba Eric aliyemjua alikuwa kijana mchangamfu, mpenda vitabu na uvuvi, asiye na dalili za mateso. Wapo waliosoma St Cyprian's wakamtetea mke wa mwalimu mkuu kwa nguvu. Na makala yenyewe anamosimulia habari hizi za shule, Such, Such Were the Joys, Orwell hakuichapisha akiwa hai, kwa hofu ya kushtakiwa. Ilitoka Marekani mwaka 1952, miaka miwili baada ya kufa kwake, na Uingereza ikasubiri mpaka 1968. Aliiandika akiwa mtu mzima mwenye kifua kibovu, anayeitazama dunia iliyotoka kuona kambi za mateso. Inawezekana kabisa kwamba utoto wake ulipata rangi kutoka kwa vitabu vyake, badala ya vitabu kupata rangi kutoka kwa utoto. Mimi nakubali fimbo inaweza kuongezwa urefu kwenye kumbukumbu. Keki siamini kama inatungwa. Mtu akitaka kujitia unyonge hutunga njaa au kipigo. Hatungi keki ambayo baba yake angeweza kuilipia.

Eton, shule ya mawaziri wakuu, alikaa kuanzia 1917 hadi 1921 akisoma kwa udhamini uitwao wa mfalme, na hapo sina mengi ya kusema, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa na mengi. Alisoma kivivu. Alikuja kusema kwamba alipokuwa na miaka 17 au 18 alikuwa mwanamapinduzi na mwenye majivuno ya kitabaka kwa wakati mmoja. Vijana wa vyuo vyetu wanaovaa fulana za Che na kumwita dereva wa bodaboda “wewe” wasikasirike, niko nanyi.

Jambo la ajabu ni lililofuata. Kijana huyu aliyeshachapwa, aliyeshanyimwa keki, aliyeshajiita mwanamapinduzi, mwaka 1922 akapanda meli kwenda Burma, leo Myanmar, kuwa afisa wa polisi wa dola ya Uingereza. Miaka 19. Alikaa huko mpaka 1927. Nimewahi kuulizwa na msomaji kijijini kwetu, kwa nini? Nadhani jibu ni la kawaida kuliko tunavyotaka. Hakupata alama za kumpeleka chuo kikuu kwa udhamini, baba alikuwa mtu wa India, bibi mzaa mama aliishi Burma, na kazi ya serikali ndiyo iliyokuwa desturi ya nyumba. Mtoto wa karani huambiwa atafute kazi ya ofisini. Hata asiyeipenda ofisi huenda huko, kwa sababu ndiyo njia pekee iliyofyekwa.

Huko Burma, katika mji wa Moulmein, ndiko inakotokea hadithi ya tembo, aliyoichapisha mwaka 1936. Tembo wa kufugwa amekata mnyororo, ameua mtu, kisha ametulia shambani anakula majani, hana shida na mtu tena. Afisa Blair amefika na bunduki. Nyuma yake wamesimama maelfu ya watu wakimtazama. Hataki kumuua. Anajua hakuna haja. Lakini watu wanangoja, na bwana mkubwa asipofanya kile wanachongoja watamcheka, na bwana mkubwa hawezi kuchekwa. Akapiga risasi, ikachukua muda mrefu mno mnyama kufa. Anachokisema hapo ni kwamba mtawala akishavaa ubabe, uhuru anaouua wa kwanza ni wake mwenyewe.

Niliposoma mara ya kwanza nilifunga kitabu. Niliona mwembe wa ghala.

Siku moja ya msimu, foleni imefika barabarani, alikuja mzee mmoja na gunia lake. Wakati wake ulipofika hakulipandisha gunia. Alivua kandambili, akapanda yeye mwenyewe kwenye mizani.

“Bwana karani, nipime mimi kwanza.”

Watu wakacheka. Baba akauliza, wewe ni korosho? Mzee akasema juzi alikuwa zahanati, nesi amempima, uzito wake anaujua na umeandikwa kwenye cheti. Akakitoa mfukoni kimekunjwa mara nne. Mizani yako ikisema kama ya nesi, akasema, gunia langu hili hapa, sina neno.

Watu wakaacha kucheka, na hapo ndipo pabaya. Foleni nzima ikasogea kuangalia. Mlangoni mwa ghala alikuwa amesimama mkubwa mmoja kutoka makao makuu ya ushirika, amekuja kukagua, mikono nyuma. Baba alimtazama mzee, akautazama mlango. Nilikuwa pembeni nikishika chupa yake ya maji, na nakumbuka kwamba kidole chake kilikuwa tayari kwenye ile ruula ya mizani, kwenye kile kipande cha chuma kinachosogezwa. Angekisogeza kidogo tu, tungejua. Hakukisogeza. Alimwambia mzee kwa sauti ambayo nyumbani sikuwahi kuisikia: “Shuka! Unachelewesha kazi ya serikali.” Mzee akashuka, akavaa kandambili zake, akabeba gunia lake, akaondoka nalo.

Kwetu Wamakonde, mamlaka ya nyumba hayakai kwa baba peke yake. Mjomba ndiye mwenye watoto wa dada yake. Yeye huulizwa ya jando, ya mahari, ya shamba. Mjomba wangu alikuwa mkulima wa korosho, na korosho zake zilipimwa na baba, shemeji yake. Kwa hiyo yule bwana wa mizani, jioni akifika kwa mjomba, alikaa kwenye kigoda kifupi na kuongea kwa adabu. Jioni ya siku ile tulikwenda. Baba akaanza kusimulia habari za mzee wa zahanati, anacheka, anaigiza anavyovua kandambili. Akafika mwisho wa kisa, akasema: “Basi, shemeji, nikampima. Kilo zilezile za nesi!” Wakacheka wote. Mjomba naye alicheka, na mjomba alikuwa kwenye foleni ile, watu kama watano nyuma ya mzee. Hakusema kitu. Alimsogezea baba sahani ya ming'oko.

Naamini Orwell angeliandika hilo vizuri kuliko mimi, upande wa baba. Upande wa mzee, sina hakika, na hapa ndipo ninapoachana naye kidogo.

Ukimsoma mfululizo, utaona jinsi anavyoona vizuri akitazama juu. Wakuu wa shule, maafisa wa klabu za wazungu, nguruwe, watu wa Chama kinachotawala katika 1984: anawajua kuanzia pumzi mpaka viatu. Aliketi karibu nao mno, akala nao, akavaa sare yao. Akitazama chini, macho yanapata ukungu. Maelfu wa Moulmein nyuma ya tembo hawana jina hata mmoja, ni nyuso za njano na kicheko. Makabwela wa ile riwaya yake ya 1949 wanaimba, wanazaa, wanacheza bahati nasibu. Na yule farasi wa Shamba la Wanyama, kiumbe ninayempenda kuliko wote mle ndani, jibu lake kwa kila udhalimu ni kuahidi kufanya kazi zaidi, mpaka anauzwa kwa mchinjaji. Alijitahidi, sikatai. Aliporudi kutoka Burma alivaa matambara akalala na wazururaji wa London, akaosha vyombo Paris, akapigwa risasi ya shingo Hispania mwaka 1937 akiwapigania wafanyakazi. Mtu anayetaka kulipa deni la afyuni na sare alilipa sana. Ila alikwenda kwao kama mtu anayekwenda kutubu, na anayetubu hutazama dhambi yake, hatazami anayemtubia.

Motihari ileile alikozaliwa ndiko Gandhi alikofika mwaka 1917, kwa sababu wakulima wa nili, mmea wa rangi ya bluu, wa wilaya ile ya Champaran walimfuata, wakamsumbua mpaka akaja, wakampa maelezo yao mmoja mmoja yakaandikwa. Orwell wakati huo alikuwa anaingia Eton. Wakulima wale hawakuwa farasi wa mtu. Walikuwa na hesabu zao kichwani, kama mzee wa kandambili.

Shamba la Wanyama kwa Kiswahili, kazi ya Fortunatus Kawegere, lilitoka Nairobi mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, na mpaka leo nashangaa jinsi lilivyopita katikati yetu huku tukiambiwa hizo ni habari za Warusi. Nililipeleka kwa baba miaka mingi baadaye, alipokuwa amestaafu na kurudi kwenye mikorosho yake mwenyewe. Alilisoma kwa siku mbili. Nilipomuuliza ameonaje, alisema yule farasi alikosa mtu wa kumwambia auone mkataba.

Oktoba 2018 wakulima wa Tandahimba na Newala waliikataa bei mnadani. Msimu uliotangulia kilo ilikuwa imegusa shilingi 4,000, na safari hii wanunuzi walikuja na bei ambayo hata 3,000 haikufika. Watu wakasema hatuuzi. Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua yenyewe kwa 3,300, na malori ya jeshi yakaonekana barabarani. Mengi yameandikwa kuhusu malori. Kuhusu ile siku ya kukataa, machache. Baba alikuwepo. Alinyoosha mkono pamoja na wenzake, kisha akabishana na karani wa chama, kijana wa kuzaliwa juzi, kuhusu unyevu wa gunia moja, akimwita bwana mdogo. Korosho alizokuwa hajazifikisha ghalani akakataa kuzifikisha. Alizipanga sebuleni, magunia mpaka usawa wa dirisha, na mama akalalamika kwa kila aliyepita kwamba mgeni akija hana pa kumkalisha.